Maji ya Kaskazini Ndani ya Basi la Kipling

Niliondoka nyumbani Rexdale, huku ughaibuni, asubuhi moja ya Machi kwa sababu ya udadisi tu. Neema, Mtanzania ninayesali naye, anayesomea mambo ya bahari chuoni, alinipigia simu: "Kaka, gari limegoma. Nisaidie kubeba maji yangu kutoka uwanja wa ndege." Maji ya bahari, yamechotwa chini ya barafu huko kaskazini ya mbali, yakapandishwa ndege! Mimi niliyeishia darasa la saba ningekosaje kwenda?

Uwanja wa ndege tulishika sanduku la chupa za maji hayo huku na huku. Ndani ya chupa mlikuwa na vijimea visivyoonekana kwa macho, chakula cha kwanza cha bahari.

"Vikipata joto vinakufa," alisema Neema, "na mimi nasubiri mwaka mzima tena."

Katika basi la barabara ya Kipling hita iliwaka kama tanuri. Neema akafungua dirisha.

"Wewe! Unataka tugande?" akafoka mama mmoja Mkenya.

"Samahani mama, tumebeba viumbe hai."

Akachungulia. "Viumbe gani? Si ni maji tu!" Akacheka, akatoa kikapuni pakiti za mihogo ya kugandishwa, akazipanga juu ya chupa. "Haya. Lakini nikishuka, nashuka na mihogo yangu."

Chuoni tuliingia chumba baridi kama friji. Neema aliziwekea chupa zote taa kali, lakini virutubisho, yaani chakula cha vijimea, akatia katika nusu ya chupa tu.

"Barafu ya kaskazini ikiyeyuka, jua linaingia baharini," nikasema. "Si vitashamiri vyote?"

"Rudi baada ya wiki mbili."

Niliporudi nilipigwa na butwaa. Chupa zilizolishwa zilikuwa kijani kibichi. Nyingine, chini ya taa zilezile, zilibaki angavu kama maji ya kunywa.

"Hizi ndizo safi?"

"Hizo zina njaa, kaka. Barafu ikiyeyuka, maji yake mepesi hukaa juu ya bahari kama kifuniko. Virutubisho vinabaki chini. Jua tele, chakula hakuna."

"Na samaki?"

Neema alizitazama zile angavu.

Wakati wa kurudi, nani tena ndani ya basi? Mama wa mihogo.

"Vile viumbe vyenu vilipona?"

"Vilipona, mama. Vilivyolishwa."

"Na vingine?"

Nje theluji ilikuwa ikiyeyuka, watu wamefungua makoti, wanacheka. Kila mwaka mimi huingojea siku kama ile kwa hamu, nikidhani jua linatosha. Safari hii niliitazama kwa hofu, nikaanza kumsimulia mama habari za zile chupa angavu.