Siku Tuliyoyaelekeza Maji Kwenye Mpunga

Siku yangu ya kwanza kazini, kapita wetu, yaani msimamizi wa kikosi, alinipa beleshi akanionyesha kanivo, ule mfereji wa saruji unaopita kando ya barabara. Ulikuwa umejaa mchanga. Nilichimba kwa pupa, nikaumwaga pale pale ukingoni. Kapita akacheka. "Mvua ikinyesha, huu muchanga utaenda wapi? Si utarudi mule mule? Peleka mbali!" Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya maji hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha Bendera, kusafisha mahali mto unapoingilia mitambo ya umeme. Mkuu wa kituo, mtu mkali asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenifundisha kutengeneza gabio: kikapu cha waya kinachojazwa mawe na kulazwa ukingoni ili mto usile udongo. Niliporudi Kalemie nilikuwa kapita mimi mwenyewe, na vita vikanikuta hapo.

Wakati huo tuliongozwa na Mama Shefu wa Biro, yaani mkuu wa ofisi yetu, injinia mwenye sauti ya chini, aliyevaa buti za mpira hata ofisini. Treni haikuja tena, njia ya Manono ilifungwa, na waya wa gabio ukatuishia. Tulibaki na majembe, mabeleshi na magunia ya mchanga. Watu nao walikula walichoweza kulima karibu, hasa mpunga wa bondeni. Kati ya bonde hilo na mto palikuwa na tuta la udongo tulilolijenga sisi. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa na shamba humo, na masuke yalikuwa yameanza kuinama.

Ndipo mvua ikanyesha mfululizo. Mawimbi ya ziwa yalikuwa yamerundika mchanga penye mlango wa mto, maji yakakosa pa kutokea, yakarudi mtaani. Dawa yake tuliijua: kuchimba mlango uwe wazi. Lakini ufukwe ulishikwa na askari, nao waliogopa adui wa kutokea ziwani. Tulipofika na mabeleshi, komanda wao akatusimamisha.

"Munachimba nini?"

"Njia ya maji, Komanda," akasema Mama Shefu. "Nyumba zinaanguka."

"Hapa hakuna kuchimba."

"Basi utupe askari wako watusimamie."

"Nimesema hapana, Mama. Mutu akikanyaga huu muchanga, bunduki njo itamujibu."

Tukarudi. Nyumba za matofali mabichi zilikuwa zinalainika kuanzia chini, moja baada ya nyingine. Katika nyumba ya kuzalisha, wazazi walikaa juu ya vitanda na watoto wao wachanga, maji yakipita chini yao. Mama Shefu akapanda juu ya tuta, akatazama mtaa, akatazama mpunga.

"Papa Kapita, tukikata hapa, maji yatashuka?"

"Yatashuka. Lakini mupunga utaisha."

"Bibi yako ana shamba humu, si ndiyo?"

"Ndiyo, njo lile pale, karibu na michikichi."

"Nenda umwambie mbele ya sisi kukata. Na wenzake wote. Siwezi kuwafanyia kama mwizi."

Nilikwenda nikawaambia. Wanawake wakaja hadi kwenye tuta. Mama Zuhura hakunitazama mimi, alimtazama Mama Shefu. "Wenye bunduki wamewakatalia," akasema, "sasa munakuja kwa sisi wenye majembe." Kutoka nyumba ya kuzalisha tulisikia mtoto akilia. Mama Zuhura akavuta pumzi. "Mutupe nafasi tuvune ule wenye kukomaa kidogo."

Wakaingia na visu, na watu wa mtaa uliofurika wakaingia nao. Waliokoa kidogo sana. Kisha nikapiga jembe la kwanza, na tuta likafunguka kwa kishindo. Kabla ya jioni sakafu ya nyumba ya kuzalisha ilionekana, imejaa tope, na bonde lote likawa ziwa.

Njaa ilikuja baadaye. Mama Shefu alipita na kikapu katika nyumba zilizopona, akiomba unga wa mihogo kwa ajili ya wale wanawake waliopoteza mpunga. Wengi walitoa. Wengine walisema tuta lilikatwa na Serikali, basi Serikali iwalishe. Mama Zuhura akaanza kuuza dagaa sokoni, na shamba la bondeni hakulirudia tena. Msimu ule wote aliniandalia chakula bila kuzungumza nami.

Vita vilipopoa tulijenga tuta jipya, lenye mlango wa mbao wa kupunguza maji kidogo kidogo. Nilistaafu mlango huo ukiwa bado unafanya kazi. Leo mainjinia vijana hunijia na ramani nzuri kuliko zetu, nami hufurahi kuziangalia. Huwaambia kwamba mafuriko hayazuiwi tu, huhamishwa pia, na huko yanakohamia kuna mtu.

Hivi karibuni nilimwuliza Mama Zuhura kama siku ile tungefanya vingine. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa.

"Kukata, mungekata tu," akasema. "Lakini mungetuuliza siku ya kujenga tuta, si siku ya kulikata."