Mkojo wa Mkaguzi wa Mizani

Kwa miaka thelathini na mbili alikagua mizani madukani, na kazi hiyo ilimharibu: hakuweza kununua hata kilo moja ya sukari bila kumtolea muuzaji macho. Alipostaafu, saratani ya tezi za shingoni ikamwingia, naye akazihamishia shuku zake zote hospitalini.

Kila baada ya wiki tatu alitundikiwa dripu. Dawa yenyewe, alielezwa, haiiui saratani. Inaamsha kinga ya mwili ili ipambane nayo. Hilo nalo alilitilia shaka, mpaka vivimbe vya shingoni viliponywea na kifungo cha kola kikafungika tena. Tangu siku hiyo dripu ikawa roho yake.

Ndipo miguu ikaanza kuvimba. Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wake, alitazama majibu ya damu, akakunja uso.

"Mzee wangu, figo zinalalamika. Huenda kinga tuliyoiamsha imezigeukia. Kesho niletee mkojo wa asubuhi. Nikiona protini, itabidi tusimamishe dawa."

Kusimamisha! Basi wamempata. Dawa ni haba, kuna mkubwa fulani anaitaka, na sasa wanatafuta kisingizio cha kumwondoa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimmwagia mkewe ushahidi: muuguzi aliyekwepa macho yake, mlango wa maabara unaofungwa kwa ndani.

Lakini kumnasa mwongo alikujua. Mizani unayoishuku unaiwekea jiwe ambalo uzito wake unaujua mwenyewe. Na figo pekee alizoziamini zilikuwa za mkewe, ambaye hajawahi kulazwa ila kwa kujifungua.

"Wangu?" mke akauliza, kichupa mkononi. "Mume wangu, hata mkojo unaushuku?"

"Wakisema una ugonjwa, nimewakamata."

"Na wakisema sina?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akamwambia afanye haraka.

Saa nne asubuhi daktari aliingia uso umemkunjuka. "Mkojo safi kabisa, mzee! Basi huenda ni upungufu wa maji tu. Leo tunaendelea na dripu."

Muuguzi akautafuta mshipa. Mzee alinyoosha mkono kwa furaha ya ushindi, kisha jasho likamtoka. Maabara imesema kweli. Kama ni hivyo, hata majibu ya damu yalikuwa ya kweli, na chumbani mle tapeli ni mmoja tu. Akisema, atanyang'anywa dripu. Akinyamaza, dripu itammaliza figo.

"Subiri," akasema, akiuvuta mkono. "Ule mkojo si wangu. Ni wa mke wangu."

Muuguzi akamgeukia mke. Mke akatazama dari.

Dripu ikafungwa kabla haijadondosha hata tone. Mkojo wake mwenyewe ulipopimwa, ulikuwa umejaa protini. Akaandikiwa vidonge vya kuituliza kinga, na damu ipimwe kila baada ya siku tatu.

"Na vivimbe vikirudi?" akauliza.

Daktari akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Sijui, baba. Figo zikipona tutaangalia upya. Lakini kwa sasa sijui."

Mzee akamtazama machoni, akitafuta uongo. Hakuuona. Akaushika mkono wa mkewe, na hapo ndipo alipoogopa kwelikweli.