Filamu Aliyoizima Mtani

Gunia la korosho likikaa kwenye joto hutoa harufu ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu asiyekulia kwetu. Kuna vumbi ndani yake, kuna mafuta kidogo, na kuna kitu kama kamba iliyonyeshewa mvua ikakaukia juani. Juzi mteja aliniletea vitambaa vya sare za wanawe ndani ya gunia kama hilo, akaliweka chini ya meza, karibu na pasi. Harufu ilipopanda, nikasimamisha cherehani. Nilikuwa mjini Lindi, saa nane mchana, mtu mzima mwenye miaka thelathini na ushee, lakini pua yangu ilikuwa Njinjo, ndani ya banda la video la Mtani.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nikianza na Mtani mtapotea.

Mimi ni mtu wa filamu. Simu naiegemeza kwenye cherehani, nashona huku natazama, na wateja wangu wanajua. Mtu anakuja kuchukua gauni, badala ya kuuliza gauni anauliza, "Fundi, wiki hii umeona nini?" Nami sina choyo. Za mapigano nawaachia wenye nguvu zao. Mimi napenda katuni, tena zile ambazo mtu amekaa chini akabuni namna ya kuzichora ambayo hujawahi kuiona. Mwezi uliopita niliwapendekezea moja iliyotengenezwa kwa nyuzi na vitambaa vitupu: mtu akihuzunika, mshono wake unafumuka mbele ya macho yako. Ile iliniumiza kifundi. Nyingine imepakwa rangi kwenye kioo, kila picha inafutwa ili inayofuata ipate nafasi, kwa hiyo nyuso zote zinaonekana kama za watu wanaoagana. Nawaambia waitazame, ila wasiwaachie watoto peke yao nayo. Wanacheka, wanadhani katuni ni mambo ya kitoto.

Ipo moja sijawahi kumpendekezea mtu yeyote. Ndiyo ya leo.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu, Somoe, alianza kuvimba miguu, akashindwa kwenda shamba, mwishowe Baba akampeleka kwao Rondo akauguzwe na mama yake mzazi. Mimi nikabaki Njinjo na Bibi, mama yake Baba. Asubuhi ya safari Mama alinifunga vifungo vya sare ya shule, akasema, "Korosho zikianza kuanguka nitakuwa nimerudi, Zuhura." Basi nikawa mlinzi wa mikorosho. Kila nikitoka shule napita chini yake, natazama juu mpaka shingo inauma, kisha naenda kumsumbua Bibi.

"Mama anarudi lini?"

"Si ulisikia mwenyewe? Korosho zikianguka."

Zikaanguka. Niliokota ya kwanza, bibo lake likiwa bado linadondosha maji, nikakimbia nayo mpaka jikoni. Bibi aliitazama muda mrefu. Akaivunja kutoka kwenye bibo, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Toka siku ile mambo yakawa siyo. Bibi hakunituma maji tena. Binti wa jirani, ambaye alikuwa akisuka nywele kama anang'oa mihogo, alinisuka siku nzima taratibu, hakunivuta hata mara moja. Nikitokea mahali penye watu wazima, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua, na mvua yenyewe haikuwepo. Lakini lililonitisha hasa ni mikono. Kila mtu aliyepita alinipapasa kichwa. Mwalimu, muuza dagaa, mzee wa msikitini ambaye hata jina langu alikuwa halijui. Hawanitazami machoni, wananitazama utosini, wanapapasa, wanakwenda zao. Usiku nikawa najishika kichwa nikitafuta kama kimeota kitu. Nilimuuliza Bibi kama naumwa. Akaniambia nikale.

Sasa Mtani. Jina lake Selemani, lakini nyumbani kwetu tulimwita Mtani tu, kwa sababu ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Wenzangu wa kusini hawahitaji maelezo. Kwa wengine, mtani ni mtu anayeweza kukusema mbele ya wakwe zako na ukalazimika kucheka. Msibani, yeye ndiye anayefanya kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo, anachimba kaburi huku anamsuta marehemu kwa madeni yake. Na habari nzito ambayo wenye nyumba imewashinda kutamka, hupewa mtani aifikishe.

Mtani wetu alikuwa na banda la video. Kuta za udongo, paa la bati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho, hivyo hata saa saba mchana ndani kulikuwa giza totoro. Filamu zote za kigeni alizitafsiri mwenyewe, amesimama kando ya televisheni na fimbo yake. Kiingereza alikuwa hajui hata cha kuombea maji. Alitunga. Mashujaa wote duniani walikuwa wazaliwa wa Tingi, kwao, na kila jambazi akitokea alikuwa mtu wa ukoo wetu. "Mwangalieni kichwa huyu, ni mjomba wake Zuhura." Banda linaangua kicheko, na mimi namrudishia kwamba yule mbwa anayefukuzwa kule nyuma ni baba yake mzazi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na nilimpenda sana.

Ijumaa ya wiki ile ile, watu walipotoka msikitini, Bibi alinivalisha gauni la sikukuu akasema twende kwenye video. Bibi huyo huyo aliyekuwa akiiita televisheni shetani wa kwenye sanduku. Tukaingia. Mabenchi karibu yote yalikuwa yamejaa, lakini hapakuwa na mtoto hata mmoja. Watu wazima watupu, wamekaa kimya, wameelekea kwenye kioo ambacho bado kilikuwa cheusi. Nilikalishwa mbele kabisa, kati ya Bibi na mama yake Mtani, Bibi Chiku, muuza vitumbua. Bibi Chiku akanipapasa kichwa.

Filamu ikaanza. Mkono wa mtu ulimwaga mchanga juu ya kioo chenye taa chini yake, na kidole kikauchora mchanga ule ukawa mwanamke. Akatembea. Sijui niseme vipi. Kila alipopiga hatua, chembe alizokuwa nazo mwanzo zilibaki nyuma, na mwanamke akaendelea na nyingine. Akawa ndege, akawa mlango, akarudi kuwa mwanamke, lakini uso ukapungua kidogo. Hapakuwa na maneno wala muziki, sauti tu kama ya ufagio unaofagia uani kwa jirani. Nilitaka kufumba macho na sikuweza.

Kisha sauti ya Mtani ikatoka gizani, bila fimbo, bila madoido.

"Huyu ni Somoe."

Nikacheka. Nilijua tu, leo kaniweka mbele ili anikomeshe.

"Somoe ana binti mmoja, mbishi kama nini. Somoe aliumwa miguu. Akapelekwa kwao. Akamwahidi binti yake kwamba atarudi korosho zikianguka, na kweli alitaka kurudi. Alitaka sana." Mwanamke wa mchanga alikuwa amefika penye kisima. Akainama, nywele zake zikaanza kumwagika ndani. "Lakini Mwenyezi Mungu akamwita. Somoe amekufa, mtani. Wamemzika Rondo, Jumanne."

Mwanamke akaingia kisimani mzima, na kioo kikabaki cheupe.

Kwetu, mtani akikuzushia kifo hulii. Unamrudishia, tena kwa kishindo, vinginevyo umeshindwa. Ndivyo nilivyolelewa. Basi nikasimama juu ya benchi, na gauni langu la sikukuu, nikasema kwa sauti banda zima lisikie, "Muongo wewe. Mama yako ndiye aliyekufa."

Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Nikaisikia jenereta nje, nikamsikia mtu anapumua. Halafu Bibi Chiku, mama yake huyo huyo niliyemzushia, akasema polepole pembeni yangu, "Heri ningekuwa mimi, mjukuu wangu."

Televisheni ikazimwa. Mtu akavuta gunia dirishani, mwanga wa mchana ukaingia wote kwa mpigo, nami nikageuka nyuma kutafuta atakayecheka. Benchi la mwisho alikuwa amekaa Baba, peke yake. Vumbi la safari lilikuwa bado kwenye nyusi zake, kofia ameishika mikononi. Hakuna aliyeniambia kama amerudi. Nilitazama pembeni yake, upande huu na upande huu, nikitafuta aliyerudi naye.

Hapo ndipo nilipojua. Sikujua kwa maneno ya Mtani, nilijua kwa ile nafasi kwenye benchi.

Sikumsamehe Selemani. Wengine wote waliokuwa wakinipapasa kichwa huku wanajua niliwasamehe. Baba pia, ambaye mdomo wake ulishindwa akamwachia mtu mwingine, nilimsamehe. Lakini yeye alinifanya nicheke. Toka siku ile sikumtania tena. Nikawa nikikutana naye nasema, "Shikamoo, kaka Selemani," kwa heshima zote, kama anavyosalimiwa mgeni. Anajibu, "Marahaba." Siku moja, nikiwa msichana mkubwa, aliniambia, "Unaniua kwa adabu, mtani." Nikamjibu, "Samahani, kaka." Miaka zaidi ya ishirini nilimsalimu hivyo.

Sasa, mwezi uliopita binti wa mteja wangu alinirushia filamu kwenye simu. Fundi, hii utaipenda, alisema. Nikafungua, nikaona mkono unamwaga mchanga juu ya kioo. Nikaizima kabla kidole hakijaugusa mchanga. Ikakaa kwenye simu siku zote hizo, na mimi nikilala naigeuza simu kifudifudi.

Juzi, na lile gunia chini ya meza, niliitazama. Nilifunga mlango wa duka nikaitazama. Mwanamke akatembea, akawa ndege, akawa mlango. Alipofika kisimani utosi wangu wote ulisisimka, pale pale palipokuwa pakipapaswa, nikageuka nyuma nikijua hakuna mtu. Akaingia. Kioo kikabaki cheupe, na kidole changu kikaenda chenyewe kuzima. Nikakizuia.

Filamu haikuwa imekwisha. Kioo kilikaa cheupe kitambo, kisha kutoka ukingo wa kisima chembe moja ikapanda. Ikaja ya pili. Zikaja nyingi, na mwanamke akatoka, mzima, uso wake wote umerudi. Akaenda mpaka kwenye nyumba, akabisha hodi, mtoto akamfungulia.

Nililia mpaka nikalowesha sare za watoto wa watu. Halafu hasira ikanipanda. Nikampigia Selemani simu kule Njinjo, hata shikamoo sikusema.

"Ile filamu ya mchanga," nikasema. "Anatoka kisimani. Ulikuwa unajua?"

Nilisikia kuku wake.

"Nilijua," akasema. "Nyumbani kwenu walinipa ile kazi Alhamisi. Nikaitazama mara nne usiku ule, natafuta mahali pa kuizima. Nilikuwa nakufahamu. Ungemwona anatoka, ungekwenda kukaa kwenye kisima cha shule, na sisi tungekuwa na kazi ya kukutoa huko kila siku."

Ningekwenda. Nilikuwa nimekwishalinda mikorosho msimu mzima kwa sababu ya sentensi moja, seuze kisima nilichoonyeshwa kwa macho. Nilikumbuka kwamba hata baada ya banda lile, siku kadhaa, Bibi aliponituma tena maji, nilikuwa nachungulia kisimani kabla ya kutumbukiza ndoo. Naona maji tu, nachota, naondoka.

"Upo?" akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya adabu. Nikayameza.

"Nipo," nikasema. "Nafikiria tu, watu wa Tingi mlivyo washamba. Mtu mzima unaitazama filamu mara nne, na bado mwisho unaukosea."

Alipojibu, sauti yake ilikuwa imekatika katikati, akajaribu tena.

"Mwangalieni kichwa huyu," akasema.