Mama Alidhani Amefiwa

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, huku Makote, mama alikataa nyumba yetu ya zamani ibomolewe. Alisema kaka yangu, aliyevuka Ruvuma kwenda kupigana na Wareno, akirudi hatajua tulikohamia.

Mimi nilijua harudi. Mwenzake wa vitani alikuwa ameniambia, sokoni Newala, kwamba walimzika ng'ambo, harakaharaka. Nikanyamaza, matanga hayakuwekwa. Nilijiambia namhurumia mama. Kweli ni kwamba niliogopa.

Shule niliishia darasa la nne, nikawa seremala. Mchana mmoja mwalimu wa shule ya kijiji, mgeni kutoka Bukoba, aliniletea kitabu cha picha za Kijapani nione kazi ya mbao. Picha huchongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake. Akafunua moja. Askari wa zamani ameshika upanga, macho yamemtoka. Mbele yake mwanamke wa nguo nyeupe, nywele timutimu, na chini ya kiuno hana miguu, ni kama moshi.

Mama alikuwa anamenya muhogo. Akasogea.

"Masikini, huyu kafiwa," akasema. "Hata nywele hajasuka. Na hili jitu linamtolea mfiwa upanga? Halina adabu!"

Mwalimu akacheka. "Hapana, mama. Huyo mwanamke ndiye maiti. Huyo bwana alimuua, sasa mwanamke amerudi kulipiza kisasi."

"Bila miguu?"

"Ndivyo wanavyowachora."

"Na nyumba ya muuaji akaijua?"

"Akaijua. Wafu wao hawapotei, mama."

Uso wa mama ukakunjuka. "Basi wangu angekuwa amekufa, angeshanijia. Hajaja. Yu hai."

Akamfungia mwalimu muhogo wa kwenda nao. Mimi akanituma nikaezeke upya ile nyumba ya zamani, maana mwanawe angeweza kufika kabla ya mvua.

Nilikata nyasi mizigo miwili. Wa tatu ulinishinda. Nikarudi, nikamwambia yote.

Hakulia. "Tangu lini unajua?"

"Tangu korosho za mwaka jana."

"Na chakula changu umekula tangu korosho za mwaka jana."

Matanga yaliwekwa. Mama aliwaitikia wote waliompa pole. Mimi nilikaa upande wa wanaume, nikipewa mkono kama wafiwa wengine, na kila mkono nilioupokea nilitamani niurudishe.