Wiki Tatu Ukingoni mwa Bwawa

Nafundisha wanawake kuogelea. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, hata nikipita barabara ya Ndia Kuu huamkiwa na wanawake nisiowatambua wakiwa wakavu. Mpaka waseme maneno mawili matatu ndipo nikumbuke nani alikuwa akimeza maji na nani alikuwa akinikaba shingo. Bwawa lenyewe liko upande wa Mbaraki, nyuma ya ukuta mrefu, na asubuhi tatu kwa wiki huwa letu wanawake peke yetu. Mlinzi hugeuza kiti chake akatazama barabara. Maji hutiwa dawa nyingi kupita kiasi, na vigae viwili vimeng'oka karibu na ngazi. Vigae hivyo nimevisema kwa msimamizi mpaka nimechoka.

Mimi mwenyewe sikufundishwa na mtu. Nilikulia Mji wa Kale, na watoto wa mtaani kwetu tulijifunza kwa kusukumwa. Kaka yangu alinisukuma kutoka kwenye ngazi za mawe maji yakiwa yamejaa, kisha akaendelea kula viazi vyake vya karai. Nilipoibuka akaniambia nimeshajua. Basi nilipoanza kufundisha wengine niliona sina maneno ya kazi hii, ikabidi niyatafute moja moja: shingo ifanye nini, kidevu kiwe wapi, pumzi ikae kifuani namna gani. Nilipoyapata nikayapenda mno. Siku ya kwanza humwambia kila mwanafunzi kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa, na kwamba mimi naunda kwa maneno kwanza. Kanuni yangu ilikuwa moja, nayo sikuwa naivunja kwa ajili ya yeyote: hakuna anayeachia chuma cha ukingoni kabla somo halijamkaa kichwani.

Mwanamke ninayemkumbuka hapa alitoka bara. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, karani bandarini, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alikuja na barua ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, akanionyesha kabla hata hajauliza bei. Alikuwa amekaa kwenye meza moja, ghorofa ya pili, kwa miaka kumi na mmoja, akiandika habari za meli zinazoingia na zinazotoka, na hakuwahi kukanyaga hata moja. Sasa ilitangazwa nafasi ya karani wa kwenda na boti kuzipokea meli zilizotia nanga nje, kuzipanda na kukagua karatasi zao. Aliiomba akakubaliwa, kwa sharti moja. Ndani ya wiki saba alete fomu iliyotiwa sahihi na mwalimu, kwamba ameogelea mita hamsini na ameelea dakika kumi kwenye kina kirefu bila kushika kitu. Akishindwa, nafasi itakwenda kwa anayemfuata.

"Naitaka kazi hii, Mwalimu," aliniambia. "Pale bandarini sijawahi kutaka kitu kingine."

Nilimwambia wiki saba zinatosha. Na zilitosha, hilo sina shaka nalo.

Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa kuamini kwamba mtu wa bara akikaribia maji huziacha akili zake pamoja na viatu. Sijivunii kusema hivyo, lakini nami nilikuwa nao, na bado haujaniisha wote. Wanafunzi wengine wa bara niliokuwa nimewafundisha kabla yake walikuwa wakijibu "ndiyo" kwa kila nililouliza. Ilikuwa adabu tu. Nikiwaachia walizama kidogo, wakakohoa, wakajifunza hivyo hivyo. Huyu hakuwa wa "ndiyo".

Asubuhi ya kwanza nilimweka upande wa kina kifupi, mkono mmoja ukishika chuma, mimi nikimwekea kiganja mgongoni. Nikamweleza somo la kulala chali, masikio ndani ya maji, mato yatazame yuu angani, kifua kijae, kiuno kisivunjike. Nilipomaliza nikamwuliza kama ninavyowauliza wote.

"Yamekuelea?"

Akafikiri. "Bado, Mwalimu."

Nikamweleza upya, polepole zaidi. Nikamwuliza tena, akajibu bado, na mara hii akaongeza, "Nisamehe." Nikamweleza mara ya tatu. Saa ikaisha.

Ilikuwa hivyo Jumatano, ikawa hivyo Jumamosi. Wiki ya pili nilibadilisha maneno. Nikaleta mfano wa sufuria tupu, nikaleta mfano wa ubao, nikamlaza mwanafunzi mwingine mbele yake ili aone. Kila nilipomwuliza kama yamemwelea, alisubiri kidogo, kama mtu anayejipima, halafu akajibu bado. Naye hakuwa akicheza. Alifika kabla yangu, akaondoka wa mwisho. Nyumbani nilimwambia binti yangu kwamba nina mwanafunzi mwenye bidii ya punda na kichwa cha jiwe. Wiki ya tatu nilianza kumsemesha kwa mkato, na siku moja nilimwuliza mbele ya wenzake kama bandarini nako huelezwa mara kumi. Alitazama maji. Kwao mwalimu hajibishwi, na mimi nilijua hivyo nilipomwuliza.

Jumamosi ya wiki hiyo ya tatu, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipiga miguu karibu yetu alimrushia maji mengi usoni. Akayameza. Alikohoa sana, kisha akashika kifua, midomo ikapauka.

"Ndoo kando ukae," nikamwita, nikimwonyesha ngazi. "Moyo wakuelea?"

Alikaa kwenye ngazi, akanitazama. "Mwalimu, moyo unaelea vipi?"

"Wasikia kichefuchefu? Ndiyo nakuuliza."

"Kwa hivyo kwenu kuelea ni kichefuchefu?"

"Moyo ukikuelea ni kichefuchefu. Maneno yakikuelea ni kuyafahamu. Na kitu kikielea majini ni kuelea. Kwani kwenu vipi?"

Alijifuta uso kwa mikono miwili. "Yaani siku zote unaponiuliza yamekuelea, unaniuliza kama nimeelewa?"

"Nakuuliza nini tena?"

"Mimi nilidhani unaniuliza kama maji yamenibeba. Na nilikuwa nimeshika chuma, na mkono wako uko mgongoni kwangu. Ningesemaje ndiyo?"

Nilimwuliza kuhusu somo lenyewe, akaniambia alilielewa siku ya kwanza. Akanisomea lote, kuanzia shingo hadi kiuno, kwa mpangilio wangu na karibu kwa maneno yangu, pamoja na sufuria na ubao. Nilicheka mpaka nikashika ngazi. Naye alicheka, mkono mdomoni. Kisha tukarudi majini, nikamwambia aachie chuma, nami nikatoa kiganja. Akaelea. Nilihesabu hadi kumi na mbili kabla hajainua shingo kutazama kama kweli imekuwa.

Kichekesho hicho nilikisimulia wiki nzima. Nilikisimulia kwa mahamri na mbaazi nyumbani, nikakisimulia kwa jirani, nikakisimulia kwenye arusi upande wa wanawake, na kila mahali kilichekwa. Nilikisimulia kama kisa cha mtu wa bara asiyejua Kiswahili. Hakuna aliyeniuliza mwalimu alikuwa nani.

Zikabaki wiki nne. Nilimwombea kwa msimamizi nusu saa ya ziada siku za Ijumaa, nikapewa. Sikumwuliza tena kama yamemwelea, nilimwuliza kama ameelewa, na kila mara alijibu kabla sijafunga mdomo. Mwili wake ulikuwa na kazi ya kufanya, nao mwili hauharakishwi. Siku nyingine alielea dakika moja, siku nyingine mbili na nusu. Miguu yake ndiyo iliyokuwa ikimwangusha, maana mapaja yalijikaza kila alipokumbuka kina kilicho chini yake. Dawa yake ni siku tu. Nimewafundisha wengi na sijaona dawa nyingine.

Fomu ilitakiwa Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia alimaliza mita hamsini katika jaribio la pili, vibaya lakini kwa haki. Tukaenda kwenye kina kirefu. Nilishika saa. Dakika ya sita ilipopita kidogo kiuno chake kilishuka, shingo ikainuka, mkono ukatafuta ukuta. Nilimpumzisha robo saa, akajaribu tena. Sita tena.

Alipanda, akajifunga kanga, akaja na mfuko wake wa plastiki na kalamu. "Mwalimu, ni dakika nne tu," alisema. "Na sitaanguka majini siku ya kwanza."

Nilikaa na fomu mapajani. Maji ya nje, meli zinakotia nanga, nayajua. Mkondo wa huko haufanani na bwawa, na huwezi kuuomba ukungoje. Nimewahi kuona watu waliozaliwa wakiogelea wakivutwa kutoka huko wakiwa hawawezi hata kutaja majina yao. Hilo lilikuwa upande mmoja. Upande wa pili, nilijua vizuri dakika zile nne zilikokwenda. Nilitaka kutia sahihi. Nasema wazi kwamba nilitaka, na kalamu nilikuwa nimeshaifungua. Niliandika: mita hamsini, amemaliza; kuelea, dakika sita. Kisha nikatia sahihi chini ya hayo.

Aliisoma akiwa amesimama, matone yakidondoka kutoka kwenye nywele. "Asante, Mwalimu," akasema, akaikunja. Ningeweza kumwambia kwamba wiki tatu zilipotea mkononi mwangu. Ningeweza hata kuiandikia ofisi yake barua ya kusema hivyo na kumwombea muda. Wazo hilo lilinijia jioni ile ile, nikalikalia. Niliona haya kuandika kwamba mimi, mwalimu wa miaka yote hii, sikuwa nikieleweka.

Jumatano alikuja kama kawaida, akaniambia nafasi imekwenda kwa kijana wa ofisi ya pili.

"Nawe umekuja?" nikamwuliza.

"Si bado najifunza?"

Hatukulisema tena jambo hilo. Akaendelea kuja, nami nikaendelea kufundisha. Dakika zikawa saba, zikawa nane. Mapaja yakaacha kujikaza. Nilianza kuhesabu siku kwa siri, nikiombea, Mungu anisamehe, achelewe. Nilitaka zipite wiki tano, sita, ili nijiambie kwamba hata bila kosa langu asingewahi.

Ilikuwa Jumamosi tena alipoingia kwenye kina kirefu mwenyewe na kuniomba nishike saa. Alilala juu ya maji, mikono imefunguka, macho juu. Dakika ya kumi ilipita. Sikupuliza filimbi. Wanafunzi wengine walikuwa wameshatoka wanavaa, bwawa limetulia, naye hakuonyesha dalili ya kuchoka wala ya kuogopa. Aligeuka mwenyewe akaja ukingoni.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili."

Alikaa kwenye ngazi, penye vigae vilivyong'oka, akajifunga kanga kiunoni. Alinyoosha vidole akahesabu kuanzia siku ile ya fomu hadi leo. Hakuwa na haja ya kunihesabia, nilikuwa nimeshahesabu tangu usiku.

"Wiki tatu," akasema. Alisema kwa sauti yake ile ndogo, kama karani anayetaja jumla.

Nikashuka nikakaa karibu naye, nguo zangu kavu zikalowa. "Niwie radhi, mwanangu," nikamwambia. "Kosa lilikuwa langu. Nililijua siku ile ile, nikalicheka, nikawasimulia watu ili wakucheke. Na fomu ilipokuja ningeweza kuwaandikia ofisini kwako, sikuandika."

Sikuwahi kumwomba mwanafunzi radhi kabla ya siku ile. Nilidhani atalia, au atasema si kitu, maana watu wenye adabu husema si kitu. Alisubiri kwanza, kama alivyokuwa akisubiri kila nilipomwuliza swali, akijipima.

"Radhi nimekupa, Mwalimu," akasema. "Lakini wiki tatu zile zilikuwa zangu."

Kisha akaniuliza saa. Nilipomwambia akainuka, akachukua taulo lake akaenda kuvaa, kwa sababu saa mbili alitakiwa awe mezani kwake.