Suti Ndani ya Kanzu

Mpaka leo nikimwona bwana harusi kavaa suti mwezi wa pili, katika jiji hili, hasira hunijia kabla ya huruma. Nani kakwambia sufu ni nguo ya Dar es Salaam?

Mimi mwenyewe nilivaa. Ilikuwa katika ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kubana mafuta. Harusi yetu iliangukia Jumapili. Sisi tulikuwa watu wa Kinondoni, bibi harusi wa Temeke. Ndoa ingefungwa kwa kanzu na joho baada ya sala ya adhuhuri, na jioni kwenye karamu mchumba wangu alitaka kuniona na suti. Kurudi nyumbani kubadili nguo haikuwezekana. Kubeba suti kwenye kifurushi ndiyo kabisa, maana bwana harusi anayekwenda ukweni na kifurushi ataambiwa amehamia.

Mpambe wangu, tuliyekuwa tukifanya naye kazi kiwandani, akaja na akili yake. "Ivae ndani, bwana. Jioni unavua kanzu tu, umemaliza." Suti yenyewe ilikuwa ya kaka yake, aliyesoma nchi za baridi: koti zito, kizibao, na suruali iliyowasha kama upupu. Nikavaa yote, na tai juu yake. Kisha kanzu, kisha joho, kisha kilemba. Tangu alfajiri sikunywa hata funda la maji, kwa sababu ningewezaje kwenda haja na mzigo wote ule?

Lakini kilichonitisha si joto. Wakwe walipoletewa posa waliulizia jambo moja tu: kifafa. Walikuwa wamesikia kwamba mjomba wangu, kaka yake mama, alifia mtoni akioga. Mama aliwatazama usoni akawaambia kaka yake aliteleza. Hata mimi nilikuzwa na neno hilo, sikuwahi kulihoji. Wakaridhika. Kwa hiyo siku ile nilijua wazi kwamba naweza kukosea chochote mbele yao, ila nisianguke.

Tulifika Temeke jua likiwa utosini. Ukumbi wa nyumba yao ulijaa wanaume, madirisha yamezibwa na watoto. Nikakalishwa kwenye mkeka mbele ya shehe, mkono wangu mkononi mwa baba mkwe. Mashahidi wakaingia chumbani kumwuliza mwali kama ameridhia. Wakarudi. "Amenyamaza," wakasema, na wazee wakaitikia kwa furaha, maana kwa mwali ukimya ndiyo idhini.

Shehe akaanza hotuba. Jasho lilikuwa linatiririka mgongoni, kisha likakata, na hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Masikio yakaanza kuvuma. Nikajiambia maliza, shehe, tafadhali maliza. Niliung'ang'ania mkono wa baba mkwe mpaka akanitazama. Nilimsikia akianza kusema, "Nimekuoza..." Nilitakiwa kujibu maneno machache tu. Nikafungua mdomo.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala chali, kanzu imepandishwa mpaka kifuani, mpambe akihangaika kunifungua tai. Mtu mmoja alikuwa anacheka. "Jamani, huyu kavaa nguo za watu wawili! Ni joto hili, mpeni maji!"

Ingeishia hapo. Ingekuwa kichekesho cha mtaa, tungekisimulia mpaka uzeeni. Lakini mama alikuwa ameshawapita wanaume wote, amepiga magoti kichwani kwangu, analia kwa sauti.

"Kimempata! Kile cha kaka yangu kimempata na mwanangu!"

Kicheko kikakatika. Shangazi wa bibi harusi akasimama mlangoni. "Si ulituambia aliteleza?"

Mama akaiona suti. Akakishika kizibao, akanitazama, akaelewa. Nikasema, "Ni joto tu, sijanywa maji tangu alfajiri." Nilisema tena na tena. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza mimi.

Shehe alikuwa mtu wa haki. Akasema limejulikana jambo ambalo mwali hakulijua, basi aulizwe upya. Mashahidi wakaingia. Nilikaa pale na fulana iliyolowa, namwomba Mungu jambo moja tu, anyamaze. Anyamaze kama mwanzo.

Walirudi wameinamisha vichwa. "Safari hii amesema," mmoja akatamka. Baba mkwe hakuuliza amesema nini.

Saa nane ilikuwa imeshapita. Gari tulilokuja nalo lisingeweza kutoka, na basi la kwanza lilitupita limejaa mpaka mlangoni, kwa hiyo tukatembea. Nilibeba koti na joho begani. Nilitaka kumwambia mama simlaumu, lakini nilikuwa namlaumu, na kuongopa tena siku hiyo sikuweza. Nikampisha atangulie, kama inavyompasa mtu na mama yake.

Akakataa. Alitembea nyuma yangu mpaka nyumbani, akiitazama miguu yangu.