Kamba ya babu imeniumbua mbele ya wakwe

Wapwa zangu, leo hadithi zimeniishia. Mimi!

Wamekuja wageni kutoka Nzega kumposa binti yangu. Mnanijua. Nikaishusha ukutani ile kamba ya dhahabu ya babu, aliyoivaa begani kwenye sare akiwa ofisa katika vita vya Mjerumani.

Nikaanza. Babu kavuka mto ana risasi tumboni, na kamba haikulowa hata uzi mmoja!

Bibi yake muoaji, mzaliwa wa hapa hapa Tabora, akanyoosha mkono. "Hebu nione, mwanangu."

Akaipapasa. Akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

"Hii nimeisokota mimi, nikiwa kigoli! Babu yako alikuwa kanali wa ngoma ya beni, ile ya kuigiza wanajeshi. Bunduki yake ilikuwa ya mti. Lakini kucheza, jamani, alicheza!"

Wakwe wakaangua kicheko. Binti yangu akainamisha kichwa.

Posa tumeipokea, sawa. Kamba nimeirudisha msumarini, ila siwezi kuitazama.

Vita vyote nilivyowasimulia tangu mkiwa watoto, kumbe hakuna aliyepigana.

Nani ana babu wa kuniazima?